Upande wa Ndani wa Chungu

Angetile hakuwapenda watu wa picha tangu siku ya kwanza walipoteremka kwenye boti pale Ikombe na maboksi yao ya plastiki. Wenzake walipiga vigelegele, yeye akasonya. Wageni walijitambulisha kwamba wanatoka chuo kikuu, kwamba ni kikundi cha watafiti wanaoifundisha kompyuta kusoma picha. Wenzao wengine, walisema, wanachambua picha za mapafu ya wagonjwa, wengine picha za mashamba ya mpunga zilizopigwa kutoka angani, na wao wamepangiwa vyungu.

"Mapafu na vyungu wapi na wapi," Angetile alisema kwa sauti, na hakujali nani kasikia.

Hata hivyo alikubali vyungu vyake vipigwe picha, na alikubali kwa sababu moja tu. Anyelwisye, jirani yake na mshindani wake wa siku nyingi, alikuwa amekwisha kupanga vya kwake kwenye mkeka, na Angetile asingepata usingizi akijua kwamba huko chuoni kuna picha za vyungu vya Ikombe na chungu chake hakimo. Ndivyo alivyokuwa. Mwanamke wa maringo, ulimi kama upupu, na tuseme ukweli, kwa miaka mingi maringo yale aliyastahili.

Alizaliwa hapohapo chini ya mlima, mahali ambapo ukitaka kwenda kokote unaanza na mtumbwi. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na bibi yake pia. Ikombe udongo ni wa wanawake na nyavu ni za wanaume, na hakuna anayeuliza kwa nini. Alipoolewa na Ambilikile tayari alikuwa na jina. Vyungu vyake vilivushwa hadi Matema, vikapanda gari hadi Kyela mjini, na Mansuri, mwenye duka pale Mbugani, alikuwa akiviweka mbele peke yake, mbali na vya wengine, akiwaambia wateja, "Hiki ni cha Mama Hezroni." Chungu chepesi, mdomo umekaa sawa, ukikigonga kinalia vizuri. Watu walitoka hata Tukuyu kuja kukiulizia.

Halafu mikono ikaanza kuvimba. Mwanzo vidole vilikakamaa asubuhi tu, baadaye mchana kutwa, mwishowe vikajikunja vikakataa kunyooka. Mtu mwingine angewaeleza wenzake, wangempa pole, yangeisha. Angetile hakumwambia mtu. Alianza kutembea mikono ikiwa ndani ya khanga, akisingizia baridi ya ziwa hata siku ambazo mchanga unaunguza nyayo.

Ni wakati huo ambapo mwanawe Hezroni alioa binti wa Ikolo aitwaye Lugano, kisha akaenda zake Mbeya kutafuta kazi, akamwacha mkewe kwa mama. Watu wa Ikolo ni watu wa mpunga na kakao. Udongo kwao ni wa kukanyaga. Tena binti mwenyewe alikuwa mashoto, kila kitu kwa mkono wa kushoto, kuanzia jembe mpaka upawa. Angetile alimpokea kwa maneno makali na akamfundisha kwa maneno makali. Alimkalisha nyuma ya jiko, penye uzio wa matete, akavishika vidole vyake kwa vidole vilivyopinda, akamwonyesha namna ya kuvuta udongo kutoka chini kwenda juu, na kila alipokosea alimpiga kofi la mgongo. Mvua zote za mwaka ule walikuwa nyuma ya uzio, mmoja akifoka na mwingine akifinyanga.

Binti alijifunza. Alijifunza kuliko mama mkwe alivyotaka. Mvua zilipokatika, vyungu vilivyotoka nyuma ya jiko lile vilikuwa vyepesi, mdomo umekaa sawa, na ukivigonga vinalia vizuri. Angetile alivipaka rangi nyekundu kwa kitambaa, akavichora michirizi myeupe kwa kijiti alichokibana katikati ya viganja, akavipeleka mtumbwini kwa jina lake. Wenzake wakimuuliza ufukweni mkamwana anaendeleaje, jibu lilikuwa moja.

"Yule? Hajui hata kushika udongo. Sijajisumbua kumfundisha."

Kwa mtu wa huku, siri hiyo ilivyokaa muda wote ule si jambo la kushangaza. Mkamwana hamkaribii baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hataji jina lake, hapiti mbele yake, haingii mahali alipokaa. Wakikutana njiani, binti anajitupa majanini mpaka mzee apite. Na mzee mwenye adabu, akiwa anarudi nyumbani, anakohoa tangu mbali ili binti ajiondoe. Ambilikile alikuwa akishinda mbele ya nyumba akishona nyavu zake, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kwa nini Lugano anashinda nyuma ya jiko. Hiyo ilikuwa heshima. Hakuna mwanamke wa Ikombe aliyeisimamia heshima ile kwa ukali kama Angetile, na sasa unajua kwa nini.

Watu wa picha walirudi baada ya mavuno ya mpunga. Safari hii, kwa maneno yao wenyewe, walikuja kurudisha matokeo. Waliwaalika wafinyanzi wote, wakawaalika na wafanyabiashara wa Kyela na watu wa hoteli za Matema, ili chungu cha kweli cha Ikombe kijulikane na kila fundi ajulikane kwa kazi ya mkono wake. Mkutano ulipangwa uwe asubuhi, katika darasa la shule ya kijiji. Jioni iliyotangulia, mtafiti mmoja, msichana aitwaye Shani, alikuja nyumbani kwa Angetile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, kama umekuja kwa heri."

Shani alikaa kwenye kigoda, akauliza habari za mzee, habari za ziwa, habari za kazi. Alikuwa na adabu, na hilo lilimuudhi Angetile zaidi, maana mtu mwenye adabu huna pa kuanzia kumfukuza. Kisha akaeleza polepole. Picha za nje ya vyungu hazikuwa na neno. Lakini walipiga na ndani, kwa taa ndogo, na ndani vidole vya mfinyanzi huacha njia zao. Kompyuta imezifuata njia hizo chungu kwa chungu. Vyungu vya zamani vya Angetile, vilivyoko kwa majirani na kanisani, vyote vina mkono mmoja. Vipya vina mkono mwingine.

"Mkono wa mtu mashoto, mama," alisema.

Hapo Angetile alilijua kosa lake, na lilikuwa kosa la mfinyanzi hasa. Mfinyanzi huusugua upande wa nje kwa jiwe laini mpaka ung'ae, kwa sababu nje ndiko macho ya watu yaliko. Ndani ni kwa maji na maharage. Alikuwa amekagua kila chungu cha Lugano kwa nje, akakosoa, akakwangua, akapaka rangi. Ndani hakuwahi kuchungulia, kwani nani anachungulia ndani ya chungu kumtafuta mtu?

"Andikeni vyote ni vyangu," alisema. "Udongo wangu, kuni zangu, jina langu."

"Hatuwezi, mama. Tutakuwa tumesema uongo mbele ya watu tuliowaita wenyewe."

"Basi vifuteni."

"Hatutamtaja mtu. Tutaonyesha tu kwamba kuna fundi tusiyemjua. Mwenyewe akisimama akaja mbele, tukaipiga picha mikono yake, tutamwandika. Asipokuja, vitabaki havina mwenyewe. Lakini kama ni mtu wa hapa nyumbani, mwambie aje. Ni kazi nzuri sana."

"Hapa nyumbani nipo mimi na mzee. Na mzee hafinyangi."

Shani alitazama uzio wa matete. Sauti ya kukwangua iliyokuwa ikitoka huko nyuma ilikuwa imenyamaza. Akaaga, akashuka kuelekea ufukweni.

Angetile alibaki pale, na tusizunguke, aliogopa. Vyungu vikibaki havina mwenyewe, atajua la kumwambia Mansuri. Atasema mashine imechanganyikiwa, na Mansuri atamwamini kama siku zote. Lakini Lugano akisimama mbele za watu, basi. Jina litahama. Yeye atakuwa bibi kizee wa kukaa juani na kufukuza kuku kwenye mpunga. Alimchukia Shani kwa adabu yake, akaichukia kompyuta, lakini aliyemchukia kuliko wote alikuwa Lugano, kwa kuwa na mikono mizima.

Lugano alitokea kwenye kona ya jiko, viganja vimejaa udongo mbichi.

"Mama, nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Kesho nataka kwenda."

"Nenda," Angetile alisema. "Nani kakufunga kamba?"

Kisha akaenda mbele ya nyumba, akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Hezroni, kesho unatakiwa darasani. Wazee wanataka kuonekana. Utakaa karibu na mlango, upate upepo."

"Mimi na habari za vyungu?" Ambilikile aliuliza.

"Ni heshima yako hiyo. Au unataka watu waseme mume wangu hanijali?"

Ambilikile alimtazama muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akarudi kwenye nyavu. "Haya," alisema.

Lile darasa lina mlango mmoja, pembeni mwa ubao. Asubuhi walikuta madirisha yamezibwa kwa khanga ili picha zionekane ukutani, na jenereta linanguruma nje. Angetile aliwahi mapema, akakichukua kiti chenye egemeo, akakiweka mwenyewe pale mlangoni, akamkalisha mumewe. Miguu ya mzee ilijaa kizingitini. Watu walimruka wakiingia, wakimwamkia, naye aliitikia kofia ikiwa magotini.

Lugano alifika akiwa amejifunga khanga safi. Aliiona ile miguu mlangoni, akasimama pale aliposimama, akageuka haraka, akazunguka ukuta mpaka chini ya dirisha. Angetile aliliona bega lake kupitia mwanya wa khanga za dirishani, akatulia kwenye benchi. Simama hapo mpaka uote mizizi, alimwambia moyoni.

Shani alianza. Alionyesha ndani ya chungu cha Anyelwisye, picha imekuzwa mpaka ukuta wote ukawa matuta matuta kama shamba lililolimwa, na wanawake wakaangua kicheko. Kila fundi alipoona vyungu vyake alipiga ukelele. Watu wa hoteli walipiga picha kwa simu zao. Wakati huo wote Angetile hakucheka. Alikuwa akihesabu zamu, akijua yake inakuja.

Ilipofika, Shani aliweka vyungu viwili kwa pamoja, cha zamani na kipya. Hata mtoto angeona. Matuta ya kimoja yalilala upande huu, ya kingine upande ule.

"Cha zamani ni cha Mama Angetile, bila shaka yoyote. Cha pili na vyungu vinavyofanana nacho vina fundi tusiyemjua. Ni fundi mkubwa. Anatumia mkono wa kushoto. Tungependa ajitokeze."

Darasa lilianza kuvuma. Ikombe si mji. Mwanamke anayelima kwa kushoto anajulikana kwa kila mtu. Anyelwisye ndiye aliyeanza, kwa sauti tamu ya mtu aliyeingojea siku hii.

"Mama Hezroni, kwani kwako hakuna binti wa Ikolo anayepasua kuni kwa kushoto?"

Mansuri naye alisimama, kanzu yake imeloa maji ya ziwa mpaka magotini. Hakuwa akitabasamu.

"Mama, mimi nimeapa mbele ya wateja kwa jina lako. Vile vyungu ni vya nani?"

"Vyangu!" Angetile alisimama pia, mikono ndani ya khanga. "Mashine ya watu wa mapafu itanifundisha mimi vyungu? Kizee nikigeuza mkono nikafinyanga kwa kushoto, kuna sheria?"

"Tulikagua hilo, mama," Shani alisema taratibu. "Mtu akibadili mkono, njia za vidole..."

"Wewe nyamaza, hujazaa wewe! Na huyo binti mnayemsema, sikilizeni nyote, sijawahi kumfundisha hata kushika udongo. Hata siku moja! Kama ni vyake, yuko wapi? Si aje? Mwiteni aingie!"

Alisema hivyo akiutazama mlango, na wote wakatazama alipotazama. Ambilikile alikuwa amekaa, kofia magotini, amejaa mlango mzima. Wanawake walielewa, mmoja baada ya mwingine, na nyuso zikabadilika. Hilo hata Anyelwisye hakulicheka.

"Unamwita na huku umemzibia mlango," alisema. "Mwanamke mbaya wewe."

Shani hakuelewa, ikabidi anong'onezwe. Akasema basi yeye mwenyewe atatoka nje, amfuate huko aliko. Angetile alimkata kauli.

"Jana ulisemaje? Mwenyewe aje mbele. Ndivyo ulivyosema nyumbani kwangu. Au na nyinyi mnageuza maneno?"

Shani aliiweka rimoti mezani. Ilikuwa kweli, alisema hivyo. Nje jenereta lilinguruma, na dirishani bega lile halikusogea.

Ndipo Ambilikile alipokohoa.

Hakikuwa kikohozi cha kifua. Kilikuwa kile kikohozi chake cha kila jioni, kikavu, kirefu, cha kumwambia mtu aliye ndani kwamba ninakuja, jiondoe. Kila mtu mle darasani alikijua. Mzee alivaa kofia, akainuka kwa kujisukuma kwenye magoti, akakishika kiti kwa egemeo. Muda wote ule hakuwa amemtazama mkamwana wake usoni, lakini alikuwa akishona nyavu upande huu wa nyumba na kusikia udongo ukikwanguliwa upande ule, na mkewe akifoka, na alijua kwamba anayefoka siye anayekwangua.

"Baba Hezroni, kaa!" Angetile alisema.

"Nyavu zangu ziko juani," alijibu. "Njia iko wazi."

Akatoka na kiti chake, uso ameuelekeza ziwani, akashuka bila kugeuka nyuma. Kikongwe mmoja wa benchi la mwisho alisema, "Ndaga, baba," na wengine wakaitikia kwa chini, ndaga, ndaga, kama watu wanaomshukuru mgeni aliyewaletea chakula.

Lugano aliingia. Alikuwa ameinamisha macho, lakini alipofika kwenye meza ya Shani aliyainua, akaweka mikono yake juu ya kitambaa cheupe bila kuambiwa. Wakaipiga picha. Udongo ulikuwa bado umekaukia pembeni mwa kucha.

"Vyungu hivi ni vyako?"

"Ni vyangu."

"Jina lako nani?"

"Lugano."

"Kila fundi tumemwandika pamoja na aliyemfundisha," Shani alisema. "Wewe ulifundishwa na nani?"

Lugano aligeuka akamtazama mama mkwe wake. Hakukuwa na huruma katika yale macho, na kwa nini iwepo?

"Mama amekwisha kusema, mmesikia wote. Hajawahi kunifundisha hata kushika udongo. Andika sikufundishwa na mtu."

Hilo Angetile hakulitegemea. Angeweza kuvumilia kunyang'anywa vyungu, angewatukana wote akaenda nyumbani. Lakini mvua zote zile nyuma ya uzio, vidole juu ya vidole, kile alichopewa na mama yake na mama yake alipewa na mama yake, kiandikwe kwamba kimeota chenyewe kama uyoga, tena kwa binti wa mpunga! Hasira ilimpanda kabla akili haijafika.

"Mwongo!" alipiga kelele. "Mwongo mkubwa wewe! Umefundishwa na mimi! Ule mdomo wa chungu umeutoa wapi kama si kwangu? Nimekufundisha mimi, kwa mikono hii!"

Na akaitoa kwenye khanga, akaiinua juu mbele ya watu wote. Vidole vilikuwa vimejikunja vikalaliana, viungo vimevimba, na kimoja hakikuweza tena kuachana na kiganja. Khanga ilianguka chini. Darasa zima liliitazama ile mikono, Mansuri akaketi taratibu, na Anyelwisye akaziba mdomo.

Lugano peke yake hakuitazama. Alikuwa akiikanda kwa maji ya moto kila asubuhi, na asubuhi hiyo pia alikuwa ameikanda.